Mapumziko Nayo Yana Zamu Yake

Askari yeyote aliyepita depo anaijua amri ya kusimama. Kikosi kikiwa safarini kwa miguu, desturi ya zamani iliyorithiwa kutoka jeshi la Waingereza ni kutembea dakika 50 na kupumzika dakika 10, kisha safari ikaendelea. Mizigo hushushwa, viatu hulegezwa, maji hunywewa, wala ofisa haulizi nani amechoka na nani hajachoka. Wote hupumzika, hata yule kijana mwenye nguvu anayejiona kwamba angeweza kwenda mpaka magharibi bila kituo. Kadhalika katika lindo: mlinzi husimama kwa muda wa saa mbili, kisha hupewa muda wa saa nne kabla ya zamu yake kurudi. Waliotunga kanuni hizo hawakuwa na nia ya kuwadekeza wanajeshi. Walikuwa wamejifunza, tena kwa gharama ya damu, kwamba mtu asiyepumzika hasikii vizuri, haoni vizuri, na hatimaye hulala mahali ambapo kulala ni kosa la kushtakiwa.

La ajabu ni kwamba askari huyo huyo, akiisha kuvua sare na kufika kwake, huiacha kanuni hiyo langoni pa kambi. Nyumbani hakuna dakika 10. Na mkewe, ambaye hakupata kufundishwa amri hiyo, hutembea mwaka mzima bila kushusha mzigo.

Juma hili ukurasa wetu wa nyumbani wataka kulitazama jambo hilo, na tumechagua kulitazama kutoka Abuku. Abuku ni gombolola iliyo katika wilaya ya Koboko, kule West Nile, pande ambazo mipaka ya Uganda, Sudan Kusini na Kongo inakutana. Hadi mwaka 2005 nchi hiyo ilikuwa sehemu ya wilaya ya Arua, na hata leo mwenye shida kubwa ya hospitali hushika barabara ya lami kwenda Arua. Hatukuichagua Abuku kwa kuwa watu wake ni wachovu kuliko wengine. Tumeichagua kwa sababu pande hizo ni nchi ya askari tangu zamani, na lililozoeleka huko linafahamika katika kila kambi ya Afrika Mashariki.

Tangu enzi za King's African Rifles, ambayo wazee waliiita KAR, wanaume wa West Nile waliandikwa jeshini kwa wingi. Wasioandikwa wengi walikwenda kusini kufanya kazi katika mashamba ya miwa ya Kakira na Lugazi. Basi kwa vizazi kadhaa mambo yamekuwa hivyo: baba yu mbali, na mama amebaki na shamba, watoto, wakwe na mbuzi. Kisha ikaja vita ya mwaka 1979, na baada yake mapigano ya Oktoba 1980, ambapo watu maelfu kwa maelfu walivuka mpaka kwenda Sudan na Zaire. Waliporudi, hasa tangu katikati ya miaka ya 1980, wengi walikuta nyumba zimekwisha na mashamba yamegeuka msitu. Watu wakaanza upya kwa jembe. Kwa maoni yetu, ndiyo maana mpaka leo ukimwona mtu amekaa mchana bila kazi mkononi, yule apitaye njiani humdhania kuwa ama mgonjwa ama mvivu. Kizazi kilichojenga nchi mara mbili hakikupata nafasi ya kujifunza kukaa, nacho kimewarithisha watoto wake hali hiyo. Na tangu Machi 2007, majeshi ya Uganda yalipopelekwa Somalia, wapo tena wake wengi ambao waume zao hukaa mbali mwaka mzima au zaidi.

SIKU YA MAMA

Tuitazame siku moja ya mke wa askari aliyebaki Abuku. Huamka saa 11 alfajiri. Kwanza ni maji. Jerikeni moja ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, na nyumba yenye watu saba haitoshelezwi na jerikeni mbili. Kisha ni uji wa watoto waendao shule, halafu shamba: muhogo, mtama, karanga, ufuta, na kwa baadhi ya watu tumbaku, zao lisilomwachia mtu hata Jumapili. Arudipo shambani huwa amebeba kuni. Muhogo humenywa, huvundikwa, huanikwa, hutwangwa na kusagwa kabla haujawa ugali, na kila kitenzi katika orodha hiyo ni kazi ya mikono yake. Jioni ni maji tena, kupika, kuogesha watoto, kumpelekea mama mkwe chakula. Alalapo ni saa 4 usiku, ikiwa hakuna mtoto mwenye homa. Katika muda huo wote wa saa 17 hakuna hata nusu saa ambayo angeweza kusema kwamba ni yake mwenyewe.

Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Methali hiyo hutumiwa kumtia moyo mkulima, nayo ni nzuri, ila hatukusikia mtu akiuliza mama wa nyumbani hufika kivulini saa ngapi.

Baadhi ya wasomaji watajibu kwamba iko siku ya ibada. Ni kweli, Ijumaa na Jumapili zipo, na ni baraka kubwa. Lakini tuseme ukweli: katika nyumba nyingi siku ya ibada ndiyo siku ya wageni. Baba hutoka msikitini au kanisani pamoja na jamaa watatu, kuku huchinjwa, na jiko la mafiga matatu huwaka mapema kuliko siku nyingine. Siku hiyo humpumzisha kila mtu isipokuwa yule aliye jikoni.

SHERIA NAYO INASEMA

Haifai mtu kudhani kwamba haya ni mambo ya matajiri wa mijini. Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu, lililopitishwa na Umoja wa Mataifa tarehe 10 Desemba 1948, lilitamka katika kifungu chake cha 24 kwamba kila mtu ana haki ya kupumzika na kuwa na wakati wa faragha, pamoja na likizo zenye malipo. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika kifungu cha 40, imeagiza kwamba mfanyakazi apewe mapumziko, saa za kazi zilizo na kiasi, na likizo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 ikafafanua zaidi: baada ya siku sita za kazi mfanyakazi apate saa 24 mfululizo za kupumzika, na kwa kila miezi minne ya utumishi apate siku 7 za likizo, ambazo kwa mwaka ni siku 21. Tanzania imeweka siku 28 katika sheria yake ya mwaka 2004, na Kenya siku 21 za kazi katika sheria ya mwaka 2007.

Yafaa ifahamike kwamba hiyo sheria ya Uganda ya mwaka 2006 haiwahusu wanajeshi wenyewe, isipokuwa raia walioajiriwa na jeshi. Likizo ya mwanajeshi hutawaliwa na kanuni za jeshi na mahitaji ya ulinzi, wala hatuna neno juu ya hilo. Lakini yuko mtu mwingine ambaye hakuna sheria hata moja inayompa likizo, naye ni mke wa nyumbani. Hana mwajiri, hana daftari la zamu, hana karani wa kumwandikia ruhusa. Akipumzika, ni kwa sababu watu wa nyumba hiyo wamekubaliana apumzike.

Na gharama ya kutopumzika imepimwa. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani pamoja na Shirika la Kazi Duniani yalitangaza kwamba kufanya kazi kwa muda wa saa 55 au zaidi kwa juma kulichangia vifo vipatavyo 745,000 vya kiharusi na maradhi ya moyo katika mwaka 2016 pekee. Hatari ya kiharusi kwa watu wa namna hiyo ilionekana kuzidi kwa asilimia 35 kuliko kwa wale wafanyao kazi muda wa saa 35 hadi 40. Hesabu hiyo ilihusu kazi za mshahara. Msomaji mwenyewe na ahesabu saa za mama tuliyemtaja hapo juu, azidishe kwa siku saba.

ALIYETOKA LINDONI

Tuwageukie sasa mabwana, hasa polisi na wanajeshi wanaolinda usiku. Mwaka 1997 ulichapishwa utafiti uliofanywa huko Australia, ukionyesha kwamba mtu aliyekaa macho kwa muda wa saa 17 hupungukiwa na uangalifu sawasawa na mtu mwenye asilimia 0.05 ya ulevi katika damu yake. Akifikisha saa 24 bila kulala, huwa kama mwenye asilimia 0.10, kiwango kinachopita mpaka uliowekwa kwa madereva katika nchi nyingi. Sasa mchukue askari aliyeamka saa 12 asubuhi, akashinda akijenga ukuta wa nyumba yake au akiendesha pikipiki ya abiria kuongeza kipato, kisha jioni akaenda lindoni. Inapofika saa 5 usiku amekwisha kuwa katika hali hiyo ya kwanza. Inapofika alfajiri yu katika hali ya pili, na bunduki iko begani. Hakunywa hata tone.

Kwa hiyo usingizi wa mchana wa askari wa usiku ni sehemu ya ulinzi wenyewe, na nyumba nzima yapaswa kuulinda. Dirisha lizibwe kwa kitambaa kizito cheusi, kwani mwanga ndio unaouambia mwili kwamba ni wakati wa kuamka. Watoto wapelekwe kucheza upande wa pili wa laini. Redio ipunguzwe. Chandarua kitundikwe hata mchana. Na yeye mwenyewe asinywe chai nzito wala kahawa katika nusu ya mwisho ya lindo, kwa sababu nguvu ya kahawa hukaa mwilini kwa muda mrefu. Baada ya saa tano hivi, nusu yake huwa ingalimo. Kabla ya kwenda kazini, kulala kidogo kwa dakika 20 au 30 kunasaidia sana kuliko kutafuna mairungi, ambayo hukopa nguvu za kesho na kuziteketeza leo.

Lipo jambo jingine linalotuudhi, na hatutalificha. Bwana akitaka kupumzika, mara nyingi huenda kilabuni. Kwete ya kwetu West Nile ina heshima yake katika sherehe, na mzee akipiga kibuyu kimoja pamoja na rika lake hakuna wa kumlaumu. Lakini ulevi wa kila jioni si mapumziko. Pombe humletea mtu usingizi upesi, kisha huukatakata katika nusu ya pili ya usiku, hata akaamka kichwa kizito kuliko alipolala. Waragi ndiyo mbaya zaidi. Bwana hurudi nyumbani akiwa ametumia fedha, amechoka zaidi, na amemkuta mkewe ambaye hakupumzika kabisa. Magomvi mengi yafikayo kwa mkuu wa kambi huanzia hapo. Afadhali kutazama mpira: Onduparaka, timu ya Arua, ilipopanda Ligi Kuu ya Uganda mwaka 2016, watu walipata furaha ambayo haikumpa mtu maumivu ya kichwa asubuhi, ila labda wale walioshindwa kulala kwa kushangilia.

NAMNA YA KUFANYA

Sasa twaja kwenye jambo lenyewe. Tunashauri kila nyumba iweke saa moja kila siku ambayo ni ya mama, na saa moja nyingine ambayo ni ya baba awapo nyumbani, nazo zitajwe waziwazi kama zamu ya lindo inavyotajwa. Kusema tu "pumzika ukipata nafasi" hakuna maana, kwani nafasi katika nyumba yenye watoto sita haiji yenyewe.

Kwa Abuku saa iliyo bora ni ya baada ya chakula cha mchana, kati ya saa 8 na saa 9. Hasa katika kiangazi cha Desemba hadi Machi, jua la saa hiyo ni kali hata jembe lenyewe humchoma mtu mkononi, na kazi ya shamba iwayo yote huwa nusu kazi. Wakati wa mvua, palizi inapodai haraka, saa hiyo yaweza kupunguzwa ikawa nusu saa, lakini isifutwe. Ikifutwa juma moja, juma la pili hakuna atakayeikumbuka.

Afanye nini katika saa hiyo? Si juu yetu kumwamulia. Wengine watalala. Mwingine atakaa chini ya mwembe na kusukwa nywele. Akina mama wa Kinubi hupenda kusuka kawa za rangi, na ijapokuwa hiyo ni kazi ya mikono, mwenyewe huona mapumziko kwa sababu hakuna anayemharakisha. Mwingine atasoma gazeti hili, nasi tutashukuru. Yapasa tu jambo hilo liwe ni chaguo lake, na lisiwe kutwanga wala kuchambua maharagwe.

Watoto wadogo ndio kikwazo kikubwa, nacho kina dawa. Nyumba tatu za jirani, iwe kambini au kijijini, zaweza kupeana zamu: leo watoto wote wakae kwa mama huyu, kesho kwa yule, keshokutwa kwa wa tatu. Hivyo kila mama hupata siku mbili za utulivu kwa moja ya kelele. Gharama yake ni uji kidogo tu.

Hapa tunatoa onyo. Saa ya mama isigeuzwe kuwa mzigo wa binti. Twajua jinsi mambo yaendavyo: mama anapoketi, jina la kwanza kuitwa ni la msichana wa miaka kumi aliyerudi shule na daftari mkononi, huku kaka yake akiendelea na mpira. Binti huyo naye ni mtoto anayekua, na wataalamu husema mtoto wa umri wa miaka 6 hadi 12 anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12 kila siku. Kazi ya maji yafaa sana wavulana. Mvulana mwenye baiskeli huleta jerikeni tatu kwa safari moja, pale ambapo dada yake angeleta moja kichwani. Hatuoni aibu iko wapi katika jambo hilo.

Kisha kuna mama mkwe. Huenda akamwona mkaza mwana amelala saa 8 mchana, akasema zamani wao hawakuwa hivyo. Naye asema kweli, hawakuwa hivyo, na migongo yao inawauma mpaka leo. Neno hilo si la mke kulijibu. Ni la mwana mwenyewe, amkalishe mama yake kwa adabu, amweleze kwamba yeye ndiye aliyeomba iwe hivyo. Akiwa Mogadishu au Karamoja, na apige simu. Neno moja la mwana kwa mama yake litazuia maneno mia ya ukweni.

Yapo pia maradhi ambayo mapumziko peke yake hayatayaponya. Askari aliyerudi vitani akawa anashtuka usiku kwa ndoto za mambo aliyoyaona, anayekasirika bila sababu, au anayekwepa watu hata watoto wake, asiambiwe kwamba amelegea au amerogwa. Vilevile mama ambaye kwa muda wa majuma mawili au zaidi hana hamu ya chakula wala ya watu, na halali hata akiachiwa nafasi. Hao wamwone mganga wa hospitali. Hospitali ya rufaa ya Arua ina sehemu ya maradhi ya akili, na kwenda huko hakuna tofauti na kwenda kutibiwa homa.

Mwisho tuseme juu ya likizo ya bwana. Ilivyo sasa, askari hupanda basi la usiku kutoka Kampala, hufika asubuhi macho mekundu, na hukuta ukoo mzima umekaa chini ya mti ukimngoja: huyu ana kesi ya shamba, huyu ada ya shule, na yule ana matanga ambayo hakuhudhuria. Siku zinazobaki hufyatua matofali. Hurudi kikosini amechoka kuliko alivyoondoka, na watoto hawakupata kukaa naye hata jioni moja. Tunashauri apige simu mapema kwa mkubwa wa ukoo, amwambie waziwazi kwamba siku mbili za kwanza ni za nyumba yake, na kwamba kikao kitakuwa siku ya tatu, saa 10 alasiri. Wazee wataelewa, wengi wao walikuwa askari. Siku hizo mbili alale, aoge, ale kwa starehe, na ile saa 8 mchana awachukue watoto yeye mwenyewe aende nao mtoni au sokoni Koboko, nyumba ibaki kimya.